Kadi Moja, Dawa za Wawili

"Fungua mdomo."

Mama Vifungo alifungua.

"Inua ulimi."

Akainua.

"Geukia huku kwenye mwanga. Haya, kunywa maji tena."

Alikunywa. Mumewe akachungulia ndani ya glasi, akachungulia kiganja cha mkewe cha kushoto, kisha cha kulia. Aliporidhika alichukua kalamu na kuweka alama ya vema kwenye kalenda aliyoibandika ukutani juu ya meza. Ilikuwa saa moja na dakika mbili asubuhi.

"Leo umemeza," alisema.

"Na jana nilimeza. Na juzi."

"Hayo unayasema wewe."

Jamani! Mwanamke wa miaka arobaini na sita, fundi mkuu wa karakana ya sare za shule, mtu anayeogopewa na mafundi tisa wenye cherehani, anachunguliwa mdomoni kila asubuhi na mume aliyekaa naye miaka kumi na tisa. Wapo wanaopigwa makofi wakasahau. Hili la mdomo halisahauliki, kwa sababu kesho yake linarudi.

Jina la Mama Vifungo hakulipata kwa kuzaa, maana hakujaliwa. Alilipata karakanani, kwa kuwa vazi halitoki mlangoni kabla hajavuta kila kifungo kwa mkono wake. Mumewe alikuwa fundi wa friji, lakini kliniki walimwita Profesa. Wote wawili walikuwa wanaishi na virusi vya UKIMWI. Nani alimletea mwenzake hawakuwahi kuulizana, na katika ndoa yao hilo ndilo jambo walilolifanya kwa hekima kuliko yote.

Profesa alikuwa mwelimisha rika. Kila Jumatano alisimama mbele ya mabenchi ya wanaosubiri dawa, amechomekea shati, anatamba:

"Mnaijua CD4 yangu? Mia tisa na kumi na mbili! Hata jirani yangu asiye na virusi haniwezi! Siri ni moja tu, ndugu zangu. Meza dawa, acha ujanja."

Watu walicheka, wakapiga makofi. Mkewe naye alikuwa akipiga makofi, mpaka ilipofika mwaka huu.

Maana CD4 yake yeye, hicho kipimo cha kinga ya mwili, ilikuwa mia moja themanini na saba. Miaka kumi na minne ya dawa, na kinga ya mwili imekaa palepale kama gari lililonasa kwenye tope. Miezi miwili iliyopita mkanda wa jeshi ulimtoka ubavuni, malengelenge yanayowaka moto, akalala kwa tumbo siku kumi na moja. Ndipo Profesa alipoanza kuuliza maswali.

"Tunameza dawa ileile?"

"Ndiyo."

"Saa ileile?"

"Ndiyo, mume wangu."

"Sasa kwangu inapanda, kwako imelala. Nieleze."

"Sijui."

"Hujui, au hutaki kusema?"

Kutoka hapo akahamia sebuleni na mto wake. Kisha Jumatano moja akasema mbele ya watu, bila kutaja jina, kwamba wapo wanaotupa vidonge chooni huku wakilala kitanda kimoja na waelimishaji. Nani asingejua ni nani? Wanawake ambao mkewe alizoea kukaa nao pale kliniki wakaanza kumsalimia kwa mbali, na mmoja akamtumia ujumbe:

"Shoga meza dawa. Unamuaibisha mwenzio."

Alikaa nao ujumbe ule karakanani, asijue amwonyeshe nani. Mafundi wake walimpenda, lakini hawakujua kama ana virusi. Wa kliniki walijua, lakini walishaambiwa ni mtoro wa dawa. Nyumbani kulikuwa na kalenda. Mchana ule alishona kola mbili kichwa chini miguu juu, jambo ambalo halijawahi kumtokea, akazifumua mwenyewe kimyakimya kabla mtu hajaziona.

*

Siku ya majibu ya vipimo vya damu waliingia pamoja kwa daktari. Alikuwa daktari mgeni pale, binti mdogo mwenye sauti ya upole.

"Mama, unajisikiaje?"

"Anachoka sana," Profesa alijibu. "Na ukweli, daktari, hamezi. Nimeanza kumsimamia mwenyewe."

Daktari alifungua jalada.

"Baba, wingi wa virusi kwenye damu ya mama hauonekani kabisa. Mwaka huu hivyo, mwaka jana hivyo, narudi nyuma hivyohivyo, miaka kumi na miwili. Asiyemeza hapati majibu haya. Mama anameza. Tena anameza vizuri."

Profesa alikohoa kidogo.

"Sasa mbona kinga haipandi?"

"Virusi ni jambo moja, kinga ni jingine. Chukulia mwizi kaingia nyumbani kwako, kabomoa ukuta. Dawa inamzuia mwizi. Ukuta lazima mwili uujenge wenyewe, na kama ulibomolewa mpaka msingi, ujenzi unakwenda taratibu. Wengine haufiki juu tena. Ni watu wa kuangaliwa kwa karibu: kifua, chanjo, homa ikija wasikae nayo nyumbani. Hawajakosea kitu." Daktari akafunua kurasa za mwanzo, zile za njano. Akaweka kidole juu ya mstari mmoja. "Ila hapa kuna kitu. Mama, ulianza dawa ukiwa na mia mbili na tano. Baada ya miezi ishirini ulikuwa na kumi na moja. Kumi na moja, mama! Ulilazwa ukiwa hoi. Miezi ile ishirini dawa ulichukua kila mwezi, sahihi yako iko hapa. Lakini hukuwa unameza. Sikuhukumu. Nataka tu kujua dawa zilikwenda wapi."

Mama Vifungo alimtazama mumewe. Aliona jinsi shingo yake ilivyonenepa vizuri, jinsi mikono ilivyojaa, mikono ileile ambayo zamani alikuwa akiizungushia vidole viwili vikakutana.

"Nilikuwa nazitupa," alisema.

"Umesikia, daktari?" Profesa alisimama. "Umesikia kwa masikio yako? Miezi ishirini! Na mimi nilikuwa kitandani nakufa, namtegemea huyu!"

"Baba, kaa kwanza."

Hakukaa. Alitoka na mlango akaubamiza.

Uongo huo, msomaji wangu, ulikuwa wa pili. Wa kwanza aliutoa miaka kumi na minne nyuma, siku aliyorudi kutoka kliniki na kikopo kimoja cha dawa akamkuta mumewe kageukia ukutani, mifupa mitupu.

"Twende nawe wakakupime," alimwambia siku ile.

"Nikakae kwenye benchi lile watu wanione? Heri nife humu ndani."

"Basi nitakuletea mimi. Nesi ni rafiki yangu, amekubali kunipa za wawili."

Hapakuwa na nesi rafiki. Palikuwa na kikopo kimoja kwa mwezi, na kila siku kwa miezi ishirini alimpa mumewe. Mume akaanza kukaa, akasimama, akashika bisibisi, mwisho akapata ujasiri wa kwenda kliniki kwa miguu yake na kupata kadi yake. Ndipo mke naye akaanza kumeza dawa yake mwenyewe. Kufikia hapo kinga yake ilikuwa imebaki kumi na moja.

Alikuwa na njia mbili tu sasa. Aseme ukweli, avunje kitu pekee alichokuwa akijivunia mumewe duniani. Au anyamaze, ndoa ife.

*

Jioni ile simu yake iliita. Alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Profesa, ambaye ukoo mzima ulimwita Mama Stoo. Alikuwa amestaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kutunza stoo ya dawa ya hospitali, na ulimi wake haukustaafu.

"Wifi."

"Abee wifi."

"Mumeo kanitumia ujumbe mrefu kama wosia. Nikusomee mwisho wake? 'Dada, nimefika mwisho. Jumapili njoo tukae kikao. Nataka akapumzike kwao.' Mnakosana nini huko?"

"Atakueleza mwenyewe, wifi."

"Na wewe huna la kusema?"

"Sina."

"Mh. Jumapili saa nne niko hapo. Mniwekee chai, mimi kesi siisikilizi na koo kavu."

Akapumzike kwao! Kwao wapi? Mama yake alishatangulia, kaka yake alikuwa na watoto saba katika vyumba viwili, na nyumba ile ya wazazi ilishaezuliwa mabati. Mama Vifungo alikaa ukingoni mwa kitanda, upande wake, ijapokuwa kitanda kizima sasa kilikuwa chake. Alisikia mumewe akigeuka kwenye kochi sebuleni. Ukuta mmoja tu uliwatenganisha, na hakuwa na mtu mwingine yeyote wa kumwambia, "Nimeumia." Alilia akiwa ameng'ata kanga.

Jumapili Mama Stoo alifika saa nne kasoro, akaketi, akapokea kikombe, akavua miwani.

"Haya, mlalamikaji aseme."

Profesa alieleza yote. Alikuwa hodari wa kuongea. Alieleza mkanda wa jeshi, alieleza kurasa za njano, alieleza maneno ya mkewe mbele ya daktari.

"Dada, mimi nasimama kila wiki nafundisha watu. Nitaweka wapi uso wangu? Alinidanganya tangu siku ya kwanza."

"Wifi, ni kweli ulitupa dawa?"

"Ni kweli."

"Unamwangalia nani ukisema hivyo? Niangalie mimi."

Mama Vifungo aliangalia meza.

"Sawa," Mama Stoo alisema, akamgeukia kaka yake. "Wewe wakati huo ulikuwa na hali gani?"

"Unaijua hali yangu, dada. Ulikuja ukaniona."

"Nilikuona. Nilirudi nikaanza kutafuta sanda. Nani alikuwa anakuogesha?"

"Yeye."

"Nani alikuwa anakulisha?"

"Yeye. Sikatai hayo."

"Na dawa ulikuwa unameza?"

"Sikukosa hata siku moja! Ndiyo tofauti yangu na yeye!"

"Kliniki ulikuwa unakwenda?"

"Wakati ule hapana, nilikuwa naona aibu. Alikuwa ananiletea yeye. Walimpa za wawili."

Mama Stoo alirudisha kikombe kwenye sahani bila kunywa.

"Za wawili."

"Eeh. Nesi alikuwa rafiki yake."

"Ulikuwa na kadi?"

"Bado."

"Kwa hiyo kadi ilikuwa moja. Dawa za wawili."

"Wifi," Mama Vifungo aliingilia, "chai inapoa."

"Iache ipoe." Mama Stoo alivaa miwani. "Mdogo wangu, unajua kazi niliyofanya. Dawa hizi wakati ule zilikuwa chache. Kila kikopo kilitoka kwa jina la mtu na sahihi ya mtu. Kikopo kimoja kikikosa mwenyewe, tuliandika maelezo kurasa nne, na mkaguzi hakutuelewa. Nesi angekuwa hata pacha wako wa tumbo moja, asingeweza kukupa cha pili. Mwezi mmoja asingeweza. Sembuse ishirini."

Nje jirani alikuwa anasukuma mlango wa bati.

"Wifi yangu," sauti ya Mama Stoo ilishuka, "nakuuliza kwa heshima zote. Yeye alikuwa anameza cha kwako. Wewe ulikuwa unameza nini?"

"Wifi, niache."

"Siwezi kukuacha."

Mama Vifungo alikunja ncha ya kanga kidoleni.

"Vile vyekundu. Vya kuongeza damu. Nilikuwa nameza mbele yake ili asiniulize."

Profesa alisimama. Akakaa. Akasimama tena. Yeye ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine namba zile kila Jumatano, hakuhitaji mtu wa kumpigia hesabu.

"Mia mbili na tano," alisema taratibu. "Mpaka kumi na moja." Akamgeukia mkewe. "Kumi na moja yako... ndiyo mimi?"

"Usiseme hivyo."

"Na mimi nakwambia ufungue mdomo!"

Alikaa sakafuni, mtu mzima na shati lake la Jumapili, akajifunika uso. Mama Stoo alichukua mkoba wake.

"Mimi kesi yangu imekwisha. Kwa haki kabisa wa kwenda kupumzika kwao ungekuwa wewe, mdogo wangu. Bahati mbaya kwenu ndiko kwangu, na mimi sina nafasi." Mlangoni alisimama, akamkumbatia wifi yake kwa muda mrefu, akaenda zake.

*

Walibaki wawili. Profesa ndiye aliyeanza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali kumeza?"

"Nisingekubali."

"Basi."

"Lakini baadaye! Nilipopona! Miaka yote hii!"

"Uliamka umefurahi. Ulikuwa unasema umejiponya kwa ushujaa wako. Mimi nikaona, acha aseme. Sikutaka kila ukiniona unyenyekee. Nilitaka mume tu."

"Nimekula kinga yako."

"Hiyo nilikupa kwa mkono wangu. Sijutii." Alisita. "Hapana, naongopa, nimechoka kuongopa. Najutia. Nikiumwa najutia. Nilipokuwa nimelala kwa tumbo, ubavu unawaka, na wewe umekaa unanihesabia vidonge, nilijutia sana. Ulipokuwa mgonjwa nilijiambia, huyu akifa nitabaki mzima, peke yangu, na huo upweke sitauweza. Sikujua kuna upweke wa kuishi na wewe."

Profesa aligusa goti la mkewe. Mke hakuusukuma mkono ule, wala hakuushika.

"Nisamehe."

"Kwa lipi?"

"Kwa yote."

"Yote ni neno kubwa, linateleza. Taja moja."

Profesa aliinua macho kwenye kalenda ukutani.

"Kwa kukufungulisha mdomo."

Hapo ndipo Mama Vifungo alipolia kwa sauti, kilio cha mtu asiyejali nani anasikia. Mumewe aliibandua kalenda ukutani, akaichana vipande vidogo, akavitia kwenye ndoo ya taka.

"Nirudi chumbani?"

"Bado."

"Sawa."

"Na Jumatano uliwaambia watu."

"Nitawaambia tena. Niruhusu."

"Waambie ulichokosea wewe. Mimi usinitaje."

*

Jumatano mabenchi yalijaa. Mama Vifungo alikaa nyuma kabisa, karibu na dirisha la dawa, na nafasi ya mtu mmoja ikabaki tupu pembeni yake. Profesa alisimama. Shati hakuchomekea.

"Profesa, tupe namba!" mmoja alipiga kelele, watu wakacheka.

"Leo namba yangu siitaji. Wiki zile niliwaambia kuna mtu anatupa dawa. Nilisema uongo. Mtu huyo damu yake haionyeshi virusi kwa miaka kumi na miwili. Kinga yake iko chini kwa sababu nilipokuwa nakufa, na nimejifungia ndani kwa kiburi, alinipa dawa zake zote. Zote. Miezi ishirini. Mimi ninayejitapa hapa mbele yenu nimesimama kwa dawa ya mtu mwingine, na shukrani yangu ilikuwa kumsema kwenu. Kiburi changu ndicho kilichomuumiza. Siyo uzembe wake."

Bibi mmoja wa mbele aliinua mkono.

"Mwanangu, na huyo mwanamke? Yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Yuko wapi?"

Profesa aliangalia viatu vyake. Hakugeuka nyuma, hata jicho halikuponyoka.

"Sina ruhusa ya kusema, mama."

Bibi akaitikia kwa kichwa. Mtu mmoja akavuta kamasi. Dirisha la dawa lilikuwa wazi na nesi ameacha kuandika. Mama Vifungo aliona mgongo wa mumewe umeinama pale mbele, peke yake, watu wote wakimtazama, na yeye ndiye aliyekuwa akiujua mgongo huo kuliko mtu yeyote.

Alisimama.

"Niko hapa."

Mabenchi yote yaligeuka.

"Naomba mtu asinipigie makofi," alisema. "Msifanye nilivyofanya. Kadi ni ya mtu mmoja na dozi ni ya mtu mmoja. Mwenzako akikataa kuja, mbebe. Mburute. Mwitie dada yake. Lakini zako usimpe, maana ukuta ukishaanguka mpaka chini, haurudi wote. Mimi nameza kila siku, na bado naujenga."

Bibi yule wa mbele alijikokota mpaka nyuma na fimbo yake, akaketi kwenye ile nafasi tupu, akamshika mkono.

"Na umemsamehe, mwanangu?"

Profesa aliinua macho kule mbele. Alikuwa analia waziwazi, hajifuti.

Mama Vifungo alimtazama mumewe.

"Nimeanza Jumapili," alisema. "Sijamaliza."